Bibi Salme: Yasemwayo na Aliyoandika

Kisa cha binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliyetoroka na Mjerumani kinajulikana Unguja nzima. Husimuliwa vibarazani, na wageni huhadithiwa wakizungushwa Mji Mkongwe, kila msimuliaji akitia chumvi yake. Kinachosahauliwa ni kwamba mwanamke huyu aliandika kitabu. Nayapima hapa baadhi ya yanayosemwa juu yake.

Alikuwa mwari asiyejua dunia, akarubuniwa na Mzungu. Si kweli.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Mabinti wa ukoo wa Sultani walifundishwa kusoma Kurani tu. Kuandika kuliachiwa wavulana. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ukamwingiza katika siasa akiwa na miaka 15 tu: mwaka 1859 kaka yake Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, barua za njama ziliandikwa kwa mkono wa Salme. Uasi ulishindwa, Barghash akahamishiwa Bombay. Salme akapatana na Majid, na kwa hilo ndugu wa upande wa Barghash wakamtenga. Alipofahamiana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, tayari alikuwa na mashamba yake na maadui zake.

Alitoroka na mpenzi wake. Nusu kweli.

Agosti 1866 aliondoka akiwa mjamzito, kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, bila Ruete. Alimngojea Aden kwa miezi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Mtoto aliyemzaa Aden alifariki angali mchanga, na kitabu chake hakimtaji. Mwandishi hana deni la kumweleza msomaji kila jeraha, na hapa namheshimu kwa kunyamaza.

Ulaya ilimpa uhuru alioukosa kwao. Hili ndilo hurudiwa sana, na ndilo lisilo kweli hata kidogo.

Hamburg, alikokwenda na mumewe, ilimkodolea macho. Mwaka 1870 mumewe alikufa baada ya ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo, kitindamimba akiwa na miezi michache tu. Sheria za huko zikaweka wasimamizi wanaume juu ya mambo yake na ya wanawe. Huyu ni mtu aliyemiliki mashamba ya karafuu kwa jina lake, katika nchi ambayo sheria ya Kiislamu ilimlindia mwanamke mali yake! Fedha zikapotea, akahamahama kutoka mji hadi mji, akaishi kwa kufundisha Kiarabu. Na bado watu walimhurumia kwa kuwa eti ametoka mahali ambapo mwanamke si kitu.

Alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, wajue mama yao ni nani, kwani alihofia hataishi kuwaona wakikua. Kitabu kilichapishwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Ndani yake amewajibu Wazungu moja kwa moja kuhusu hali ya wanawake wa Mashariki, na anajua anachokisema kwa sababu ameishi pande zote mbili. Binti aliyekatazwa kalamu akawa mwandishi kwa lugha ya waliomdharau.

Aliikana Zanzibar. Si kweli. Mwaka 1885 alirudi pamoja na manowari za Kijerumani. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alimtumia kumtia shinikizo Barghash, sasa Sultani, na Ujerumani ilipopata ilichotaka, madai yake ya urithi yakatupwa. Alijaribu tena mwaka 1888, bila mafanikio. Aliishi miaka mingi Beirut, akafia Jena mwaka 1924.

Aliyeonja ubaguzi hawezi kumbagua mwenzake. Laiti ingekuwa kweli.

Katika kitabu hicho hicho Salme anautetea utumwa na kuwaelezea Waafrika kama wavivu wanaohitaji kulazimishwa kazi. Aliyaandika haya zaidi ya miaka kumi baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873. Kwa sababu hiyo Hamburg, iliyokuwa imekipa kiwanja kimoja jina lake mwaka 2019, ililiondoa jina hilo mwaka uliofuata.

Wapo wanaosema ni mtoto wa zama zake, tusimhukumu. Sikubali. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto, akatenganishwa na ndugu zake na kuuzwa. Salme ameyaandika masaibu hayo kwa huruma kubwa. Aliweza kuyaona machozi ya mtoto mmoja aliyeuzwa kwa kuwa yalikuwa ya mama yake. Ya maelfu waliopitishwa Unguja hakuyaona, na hao ndio waliovuna karafuu za mashamba yake. Anayetaka kumjua Salme azisome sura zote mbili, ya mama na ya watumwa.