Je, Wajua? Zawadi za Maganda ya Mayai

Katika pango la Enkapune ya Muto, kwenye miteremko ya Mau magharibi mwa Ziwa Naivasha, zilichimbuliwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa miaka ipatayo 40,000! Ganda lilivunjwa vipande, kila kimoja kikatobolewa katikati, kisha kingo zikasuguliwa hadi kikawa duara. Vilipatikana pia vipande ambavyo havijakamilika. Basi shanga zilitengenezwa hapo hapo. Mwanaakiolojia Stanley Ambrose, aliyeandika habari za shanga hizo mwaka 1998, anadhani zilikuwa zawadi, kama Wasan wa Kalahari wanavyopeana shanga ili wasaidiane ukame ukibisha hodi. Ukiona shanga kama hizo porini, ziache palepale, uyaarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya.