Nchi na Sura Yake Mbele ya Watu

Muhula huu, katika chama chetu cha majadiliano, msichana mmoja aliniuliza swali: siasa ya nchi za nje ina uhusiano gani na haki za wanawake? Nilijibu upesi kwamba hapana uhusiano. Kazi ya mabalozi ni vita, amani na biashara. Baadaye nilisoma habari za Uswidi, nikaona kuwa nilikosea. Napenda kuwaeleza wasomaji niliyoyapata.

Mwezi wa Oktoba 2014, Waziri wa Nchi za Nje wa Uswidi, Bibi Margot Wallström, alitangaza kwamba nchi yake itafuata siasa ya nje ya kutetea wanawake. Hakuna serikali iliyopata kutangaza hivyo kabla yake. Maana yake ni mambo matatu: wanawake wapewe haki zao, wawepo mahali mashauri yanapokatwa, na wapate sehemu yao ya fedha. Kwa mfano, mapatano ya amani yanapofanywa, wajane wa vita nao wakae mezani.

Kwa nini Uswidi? Nadhani sababu ni jinsi Waswidi wanavyojiona. Nchi yao haikuingia vitani tangu 1814. Wanawake walipiga kura ya bunge mara ya kwanza mwaka 1921, na tangu 1974 baba naye aweza kupewa likizo yenye malipo ili amlee mtoto mchanga. Basi wamezoea kujiita watu wa amani na usawa, na mtu huenda ugenini na tabia aliyolelewa nayo nyumbani.

Lakini Uswidi hiyo hiyo hutengeneza silaha na kuziuza. Mwaka 2015 mambo hayo mawili yaligongana. Bibi Wallström alikuwa ameilaumu Saudi Arabia kwa habari ya wanawake na kwa kumpiga viboko mwandishi mmoja. Mwezi wa Machi alizuiwa kuhutubia mkutano wa nchi za Kiarabu mjini Cairo. Mara Uswidi ikatangaza kuwa haitaendeleza mapatano ya kijeshi na Saudi Arabia yaliyofanywa mwaka 2005, nayo Saudi Arabia ikamwita balozi wake arudi. Wakubwa wa makampuni ya Uswidi walikuwa wameisihi serikali isiyaache mapatano hayo, wasije wakaonekana watu wasioaminika katika biashara. Kumbe pande zote mbili zilitetea jina la nchi ile ile!

Sura ya nchi hubadilika pia. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Uswidi iliomba kuingia katika NATO, ikakubaliwa mwaka 2024. Mwezi wa Oktoba 2022 serikali mpya iliacha jina lile la siasa ya kutetea wanawake, ikisema usawa utabaki ila jina halina faida. Wakati huo Kanada, Ufaransa na Meksiko zilikwisha kuifuata njia hiyo, kila moja kwa namna yake.

Sisi nasi twapenda kujiita watu wa usawa. Lakini msichana aliyeniuliza swali lile hajapata hata mara moja kuwa msemaji mkuu wa chama chetu, na mimi sikuliona jambo hilo mpaka niliposoma habari za Uswidi. Wazee walisema: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.