Umelipa pesa za matunzo ya mtoto kupita kiasi? Fahamu namna ya kuzidai

Habari za baba anayekwepa matunzo ya mtoto tumezizoea hapa Pwani. Akina mama wengi wameshinda kwenye viti vya Mahakama ya Watoto pale Tononoka wakisubiri faili zao ziitwe. Lakini kuna tatizo jingine ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini, maana mwenye nalo huona haya kulitaja: mzazi aliyelipa zaidi ya alichotakiwa kulipa, na sasa hajui pesa zake zitarudi vipi, au kama zitarudi kabisa.

Tuchukue mfano. Baba mmoja anafanya kazi ya mshahara hapa Mombasa. Mahakama ilimwagiza atoe shilingi 15,000 kila mwezi kwa mtoto wake, na mwajiri akaamriwa azikate kwenye mshahara. Baadaye mapato yake yakashuka, akarudi kortini, na hakimu akapunguza kiwango hadi shilingi 10,000. Baba akashukuru, akaenda zake nyumbani. Kumbe agizo jipya halikumfikia mwajiri. Miezi saba imepita, mshahara bado unakatwa 15,000. Ziada ni shilingi 35,000. Mama wa mtoto naye amezipokea kila mwezi, amelipa kodi ya nyumba, karo na sare za shule. Hazina hata senti.

Je, baba huyu ana haki ya kurudishiwa? Jibu fupi ni kwamba haki ya kudai anayo, lakini njia si ile ambayo wengi hudhania.

Pesa ni za nani?

Anza na jambo hili kwa sababu ndilo litakaloamua kesi yako. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kifungu hicho hicho kinaongeza kuwa katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulizwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imejengwa juu ya msingi huo.

Maana yake ni kwamba pesa za matunzo hazihesabiwi kuwa deni la mwanamume kwa mtalaka wake. Ni haki ya mtoto inayopitia mkononi mwa mzazi anayeishi naye. Ukienda mbele ya hakimu na kusema "huyu mwanamke amekula pesa zangu", umeanza vibaya. Hakimu atauliza kwanza: nikiamuru zirudishwe leo, mtoto atakula nini kesho?

Kwa hivyo mahakama huwa nzito kumwamuru mama atoe donge la pesa ambazo tayari zimeshatumika kwa chakula na shule. Mara nyingi njia nyepesi ni kuihesabu ile ziada kama malipo ya mbele, ipunguzwe kidogo kidogo katika miezi ijayo. Katika mfano wetu, baba anaweza kuomba alipe 7,500 badala ya 10,000 kwa miezi 14, mpaka zile 35,000 ziishe. Mtoto haachwi na njaa, na baba hapotezi haki yake.

Ziada ipi inadaika, ipi haidaiki

Si kila pesa uliyotoa juu ya agizo ni malipo ya ziada. Hapa ndipo wengi hujichanganya.

Inayodaika kwa urahisi ni ile iliyotokana na kosa au na mabadiliko ya agizo. Mfano ni mwajiri kuendelea kukata kiwango cha zamani. Kukatwa mshahara na huku wewe mwenyewe ukituma kwa simu kwa sababu hukujua makato yameanza. Kulipa chini ya agizo ambalo baadaye lilipunguzwa au kufutwa kwa rufaa. Au kuendelea kulipa ilhali mtoto amehamia kwako na wewe ndiye unayemlisha na kumsomesha.

Ipo pia ile ya mtoto kutimiza miaka 18. Kwa kawaida matunzo huishia hapo, lakini tahadhari: sheria inairuhusu mahakama kurefusha muda huo, kwa mfano pale kijana anapoendelea na masomo au ana ulemavu. Usikate shauri mwenyewe siku ya kuzaliwa kwake ikifika. Soma agizo lako linasema nini.

Isiyodaika, au ambayo ni vigumu mno kuidai, ni ile uliyotoa kwa hiari. Ulimnunulia mtoto nguo za Idi, ukamtumia mama yake 3,000 alipolazwa hospitali, ukalipia ada ya madrasa bila kuombwa. Hizo ni hisani na mapenzi ya mzazi. Ukizigeuza deni baada ya ugomvi, hakimu atakutazama kwa jicho jingine.

Wapo pia wanaochanganya hesabu tatu katika mfuko mmoja: mahari iliyobaki, nafaka ya eda na matunzo ya mtoto. Mwanamume ametuma 20,000 kwa mwezi, baadaye anasema amelipa matunzo kupita kiasi. Mama anajibu kwamba sehemu ilikuwa mahari yake. Kama hukuandika pesa ni za nini, nani atajua? Nafaka ya eda ni haki ya mke aliyeachwa, mahari ni haki yake pia, na matunzo ni haki ya mtoto. Haki moja hailipii nyingine.

Mali bila daftari

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujamwona wakili, kaa chini na kalamu.

Tafuta agizo la mahakama lenyewe, si unalolikumbuka kichwani. Tazama kiwango, tarehe kilipoanza, nani alipe karo, nani alipe matibabu, na kama kuna tarehe ya mwisho. Kisha chora safu tatu: mwezi, nilichotakiwa kulipa, nilicholipa. Tofauti ndiyo ziada yako.

Ushahidi ni taarifa ya M-Pesa, ambayo unaweza kuiomba kwa *334# au kwenye programu ya simu na ikatumwa kwa barua pepe. Taarifa za benki. Hati za mshahara zinazoonyesha makato. Na risiti za shule. Kama uko Doha au Jeddah na umekuwa ukimtumia ndugu yako ili ampelekee mama wa mtoto, fahamu kuwa karatasi yako inathibitisha ulimtumia ndugu, haithibitishi kwamba mama alipokea. Utamhitaji huyo ndugu aape.

Na jambo la uaminifu: jihesabie pia upande wa pili. Kama mwaka jana uliruka miezi mitatu, hilo ni deni lako, na litaletwa mezani siku utakayodai. Wapo walioingia kortini wakidhani wanadai, wakatoka wakidaiwa.

Anza na njia ya karibu

Kama kosa ni la leo, yaani umebonyeza sifuri moja zaidi au umetuma mara mbili, usingoje. Tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456 uombe muamala urudishwe, na umpigie mwenzako umweleze. Pesa zikishatumika, njia hiyo hufungika.

Kama ziada iko shuleni, kwa mfano wewe na mama nyote mmelipa karo ya muhula mmoja, basi hana kosa yeyote kati yenu. Pesa ziko kwenye akaunti ya shule. Nenda kwa mhasibu na risiti zote mbili, uombe zihesabiwe kwa muhula ujao.

Kama ziada iko kwa mama wa mtoto, mwandikie kwa adabu. Mweleze hesabu, mpe nakala, mpendekezee namna ya kuipunguza polepole. Mkishindwa kusikizana, mwoneni afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Kazi yake ni pamoja na kuwakalisha wazazi na kuwapatanisha, na hahitaji wakili. Wazee wa familia nao wana nafasi yao, mradi wasigeuze kikao kuwa kesi ya talaka upya.

Mkikubaliana, andikeni na mtie sahihi. Na kama kuna agizo la mahakama, makubaliano hayo yapelekwe kwenye faili ili hakimu ayapitishe. Maneno ya barazani hayafuti agizo la korti.

Kurudi kortini

Ikishindikana, rudi mahakama ile ile iliyotoa agizo, katika faili lile lile. Kama ni Mahakama ya Watoto, huko. Kama ni kwa Kadhi, anzia kwa Kadhi. Usifungue kesi mpya mahali pengine.

Utawasilisha ombi pamoja na hati ya kiapo, ukiambatanisha jedwali lako na ushahidi. Omba mambo matatu kwa mpangilio: kwanza, agizo libadilishwe au lisimamishwe ikiwa hali imebadilika, pili, mahakama ithibitishe kiasi cha ziada, tatu, ziada hiyo ihesabiwe katika malipo yajayo, au irudishwe kwa awamu ikiwa hakuna malipo yajayo, kwa mfano pale mtoto anapokuwa amehamia kwako.

Aliyeshinda rufaa ana msingi wa ziada. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema hukumu ikibadilishwa au kutenguliwa, mwenye kufaidika anaweza kuomba arudishwe alipokuwa kabla ya hukumu hiyo. Kumbuka tu kwamba rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina muda wa siku 30.

Kuhusu mwajiri: yeye hafuati maneno yako, hufuata karatasi yenye muhuri. Siku ile ile unapopata agizo jipya, chukua nakala iliyothibitishwa, ipeleke ofisi ya wafanyakazi, na wakusainie kwamba wameipokea. Baba wa mfano wetu angefanya hivyo, asingepoteza hata mwezi mmoja. Na kama mwajiri aliipokea akaendelea kukata, hilo ni kosa lake, na barua yenye tarehe ya kupokelewa ndiyo silaha yako.

Kosa kubwa kuliko yote

Usiache kulipa kwa kujiamulia. Hili ndilo linalowatia watu matatani. Mtu amehesabu, ameona amezidisha 35,000, anasema "basi miezi mitatu hii situmi kitu". Agizo la mahakama bado liko hai. Mama akienda kortini, utaonekana una malimbikizo, na unaweza kuitwa ueleze kwa nini usifungwe jela ya madeni au mali yako isikamatwe. Ulikuwa unadai, sasa unatafutwa. Lipa kama ulivyoagizwa mpaka hakimu aseme vingine, na ombi lako uliwasilishe mapema, kwani kila mwezi unaokaa kimya unafanya ionekane uliridhika.

Kwa upande wa anayepokea

Mama, au bibi, au yeyote uliye na mtoto: ukiona pesa zimeingia zaidi ya kawaida, uliza. Ujumbe mmoja wa "nimepokea 15,000, si ilikuwa 10,000?" unakulinda baadaye. Kama huna uhakika, ziweke kando.

Ukidaiwa, usiogope na usikasirike. Kusanya risiti zako: kodi, dawa, karo, chakula. Eleza kwamba ulizipokea kwa nia njema na zimemtumikia mtoto. Huwezi kulazimishwa kumtoa mtoto shuleni ili urudishe pesa kwa mkupuo. Omba awamu unayoiweza. Na kama kuna gharama alizopaswa kulipa yeye na ukazilipa wewe, ziorodheshe, zikatwe humo.

Kwa asiyeweza kulipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilianzisha huduma ya kitaifa ya msaada huo. Mashirika kama Kituo cha Sheria, na FIDA kwa akina mama, nayo hutoa ushauri.

Na walio Uingereza

Ndugu zetu walioko huko wana utaratibu tofauti. Matunzo mengi husimamiwa na idara ya serikali iitwayo Child Maintenance Service, badala ya mahakama. Aliyelipa zaidi huanza kwa kuiarifu idara hiyo, nayo inaweza kurekebisha malipo yajayo au, pale isipowezekana, kufikiria kurudisha pesa. Ukitazama vizuri utaona mawazo ni yale yale: punguza mbele kwanza, kurudisha baadaye.

Turudi kwa baba wetu. Haki yake ya shilingi 35,000 ipo. Lakini miaka kumi kutoka leo mtoto hatakumbuka kiasi hicho. Atakumbuka kama wazazi wake walikaa wakahesabu kwa utulivu, au kama alisikia jina lake likitajwa katikati ya matusi. Dai chako, kwa daftari na kwa sheria, na mtoto abaki nje ya ugomvi.