Kioo Kimoja, Watoto Wawili

Kuna sauti ambayo zamani ilinikera sana, na sasa ninaitamani. Ni sauti ya watoto wawili wakigombana sebuleni saa mbili usiku: "Mama, mwone huyu! Anachungulia upande wangu!"

Wakati ule tulikuwa tukiishi Tandika, wilayani Temeke, katika nyumba ya kupanga. Siku hizi nyumba yangu ni kubwa kidogo na ina utulivu mwingi. Kitinda mimba wangu huwa chumbani kwake na simu mkononi, mlango umerudishwa. Anapigana vita na watu asiowajua. Mimi niliye jikoni sijui kama anashinda au anashindwa, wala sijui anatukanwa na nani.

Mabanda ya gemu

Akina mama wenzangu tuliolea watoto Temeke na Kinondoni miaka ile tunayakumbuka mabanda ya gemu. Televisheni yenyewe ilikuwa bado ngeni kwetu. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini vituo vya kwanza vya Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994 tu. Mwishoni mwa mwaka huo huo, huko Japani, kampuni ya Sony ilianza kuuza mashine ya michezo iitwayo PlayStation, na mwaka 2000 ikafuata ya pili yake. Mashine hizo zilipofika kwetu, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, zilizaa biashara mpya mitaani: chumba kimoja, mabenchi, televisheni mbili au tatu, na pazia mlangoni kuzuia jua.

Kifungua mimba wangu alipofika darasa la nne, sarafu zake za shilingi 100 zilianza kuishia huko. Siku moja mwalimu aliniuliza kama mtoto amepona. Kumbe alikuwa hajaonekana shuleni siku mbili. Nilijifunga khanga, nikaenda moja kwa moja hadi bandani, nikamtoa kwa sikio mbele ya wenzake. Alilia njia nzima, na jioni nami nililia, maana nilijua kesho angerudi kule kule.

Mwaka 2006 zamu yangu ya upatu ilipofika, nilifanya jambo lililowashangaza wenzangu. Badala ya kununua kabati la vyombo, nilikwenda Kariakoo nikanunua PlayStation ya pili iliyokwisha kutumika, pamoja na pedi zake mbili. Wakinicheka, niliwajibu kwamba mtoto akicheza kwangu, ninamwona.

Kioo kilichogawanywa

Mwaka ule ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya umeme, na mgawo ulikuwa mkali. Umeme ukirudi, mtaa mzima ulishangilia, na watoto walikimbilia sebuleni. Katika banda, mpira wa miguu ndio uliotawala. Nyumbani wanangu walipenda zaidi michezo ya kulenga shabaha, hasa miwili: TimeSplitters 2 na 007 Nightfire, yote ya mwaka 2002.

Kwa wasioijua, nieleze. Katika michezo hii unaona mahali kana kwamba ni kwa macho ya mchezaji mwenyewe. Kwa hiyo wakicheza wawili, kioo cha televisheni hukatwa katikati, mmoja juu na mwingine chini. Wakiwa wanne hukatwa robo nne, ingawa kwa mashine ile ilibidi kuongeza kifaa cha kuunganishia pedi nyingine. Televisheni yetu ilikuwa ya inchi 14, ile ya mgongo mkubwa ambayo vijana huiita "chogo". Nusu yake haikuzidi upana wa sahani. Basi watoto sita walijibana kwenye mkeka mmoja, wawili wakicheza, wanne wakishauri. Sheria ilikuwa moja: aliyeshindwa anampisha mwenzake.

Mtindo huo ulipata sifa kubwa duniani mwaka 1997, kwa mchezo wa GoldenEye 007 uliotengenezwa Uingereza na kampuni ya Rare kwa mashine ya Nintendo 64. Ajabu ni kwamba sehemu ya kucheza watu wanne iliongezwa mwishoni kabisa, kazi ikikaribia kukamilika. Nakala zaidi ya milioni 8 ziliuzwa. Baadhi ya watengenezaji wake waliondoka wakaanzisha kampuni yao, na hao ndio waliotengeneza TimeSplitters.

Tena vitu vilikuwa tele ndani ya CD moja. TimeSplitters 2 ilikuwa na wahusika zaidi ya 100, hata tumbili na mtu wa theluji. Ilikuwa pia na sehemu ya mtoto kujichorea mwenyewe vyumba na njia za kuchezea. Wahusika wengi walikuwa wamefungiwa, na ufunguo wake haukuwa fedha. Ulikuwa ni kufaulu mitihani ya mchezo wenyewe. Wanangu walitumia likizo nzima kuwafungua, na kila aliyefunguliwa alihifadhiwa kwenye kadi ndogo isiyozidi ukubwa wa kiberiti. Kadi ile walitunza kuliko daftari zao!

Bunduki sebuleni

Msomaji mwenzangu anaweza kuniuliza, "Mama mzima, ulifurahia watoto kupigana risasi?" Hapana. Jambo hilo lilinisumbua, na sitalificha. CD zetu zilikuwa za kunakili, zimefungwa kwenye nailoni bila kasha. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba michezo inayouzwa Marekani huandikwa umri unaofaa, na kwamba ile miwili ilikuwa ya kuanzia miaka 13. Wangu walikuwa na miaka 11 na 9. Hilo lilikuwa kosa langu. Ningejua, ningesubiri.

Lakini kwa kuwa mashine ilikuwa sebuleni, niliweza kufanya kazi yangu ya mama. Nilisikia kila neno. Mmoja alipomwita mwenzake mpumbavu, nilizima televisheni, wakaombana radhi kabla sijaiwasha. Nilimwona mkubwa akimwacha mdogo ashinde siku ile aliyorudi na alama mbaya. Nilimwona binti wa jirani, aliyekuwa mkimya mno, akicheka hadi machozi. Aliyekupiga risasi alikuwa amekaa pembeni yako, bega kwa bega, na baada ya dakika tano mlikula naye sahani moja.

Kwa nini kiliacha kugawanywa?

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya ufundi. Wakicheza wawili, mashine inalazimika kuchora mahali pale mara mbili kwa wakati mmoja, na wakiwa wanne mara nne. Kadiri picha zilivyozidi kupendeza, ndivyo kazi hiyo ilivyozidi kuwa nzito. Ya pili ni intaneti, na biashara yake. Watoto wanne kwenye kioo kimoja wanahitaji mashine moja na CD moja. Watoto wanne kwenye intaneti wanahitaji mashine nne na nakala nne.

Mwaka 2015 mchezo maarufu wa Halo ulitoka katika toleo la tano bila kioo cha kugawanywa, na wapenzi wake wakalalamika sana. Watengenezaji waliahidi kukirudisha. Toleo lililofuata lilitoka mwaka 2021, lakini Septemba 2022 wakatangaza kwamba hadithi yake haitachezwa na wawili kwenye kioo kimoja.

Kwetu mambo yalipita kwenye simu. Mwaka 2009 waya wa kwanza wa intaneti wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na miaka iliyofuata simu za kisasa zikaingia kila nyumba. Mwaka 2018 ukaja mchezo wa simu wa PUBG Mobile, ambapo watu 100 hushushwa kisiwani hadi abaki mmoja. Ingizo lake ni bure. Hapo ndipo mzazi anapodanganyika.

Shilingi 38,000

Mwaka 2024 nilikuta shilingi 38,000 zimepungua kwenye akiba yangu ya simu. Zilikuwa za kumpelekea mama yangu dawa. Nilimwita kitinda mimba wangu, mwenye miaka 14. Hakukana. Alikuwa amemnunulia mhusika wake nguo katika mchezo mmoja wa simu.

"Nguo?" nilimwuliza. "Nguo isiyovaliwa?"

"Mama, wenzangu wote wanayo. Usipokuwa nayo wanakucheka."

"Wenzako gani?"

Akanyamaza. Hakuweza kunitajia jina la hata mmoja wao. Hapo hasira yangu ilipungua, ikaingia huzuni. Mwanangu alikuwa ameiba ili asichekwe na watu ambao hajawahi kuwaona, wakati ndani ya nyumba hii hapakuwa na mtu wa kucheka naye. Kaka zake walikwisha kuhama, baba yake hurudi usiku, na mimi nilikuwa nimeushukuru ukimya wake nikiuita adabu.

Sikukukuu

Desemba ya mwaka ule kifungua mimba alikuja kwa sikukuu kutoka Kigamboni. Nilimweleza yote. Hakusema neno. Kesho yake alirudi na mfuko wa nailoni, ndani yake ile mashine ya mwaka 2006, nyaya zake nyekundu, nyeupe na njano zikiwa zimekunjwa vizuri. Televisheni yetu bapa bado ilikuwa na matundu yake. Picha ikatokea, imefifia kidogo.

"Mdogo wangu, njoo unisaidie," aliita.

Kitinda mimba alitoka na simu mkononi, akaitazama picha, akacheka. "Kaka, hii mbona kama katuni?" Lakini akakaa. Dakika mbili baadaye nikiwa jikoni niliisikia sauti niliyoisahau:

"Kaka, si haki! Unaona nilipojificha!"

"Ndiyo mchezo wenyewe. Na wewe tazama kwangu."

Walicheza hadi chakula kikapoa. Walipokuwa wakinawa mikono, mdogo alianza mwenyewe, bila kuulizwa, kumweleza kaka yake habari za zile fedha. Nilibaki jikoni nikijifanya ninatafuta chumvi.

Sitawadanganya kwamba simu imetupwa. Bado anaicheza. Lakini sasa anaichezea sebuleni, namba ya siri ya akiba yangu nimeibadilisha, na Jumamosi kaka yake akija, mashine huwashwa. Zile fedha anazilipa kidogo kidogo kwa kuniuzia maandazi.

Tufanye nini?

Akina mama wenzangu, tusipigane na michezo tusiyoijua. Kwanza, chochote chenye kioo kichezewe mahali tunapopita. Pili, tuulize umri unaofaa kabla ya kununua, maana mimi sikuuliza. Tatu, mtoto asijue namba zetu za siri, hata kama ndiye anayetufundisha kutumia simu. Nne, tutafute michezo ya kuchezwa na wawili waliokaa pamoja, kwani haijaisha. Mwaka 2021 It Takes Two, mchezo wa kampuni moja ya Sweden, ulichaguliwa kuwa mchezo bora wa mwaka katika tuzo kubwa za Marekani. Hauchezwi na mtu mmoja. Lazima muwe wawili, na kioo hugawanywa katikati. Hadithi yake ni ya mume na mke waliotaka kuachana, wakalazimika kusaidiana. Na kama mashine haipo, bao na karata zipo, wala hazihitaji umeme.

Tano, na hili ndilo gumu kwetu: siku moja tuketi sisi wenyewe. Juzi mwanangu alinipa pedi. Nilizunguka ukutani kama kuku aliyepotea, nikapigwa mara kumi na moja. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasogea karibu, akaniwekea vidole vyangu mahali pake.

"Mama," akasema, "tazama upande wako."