Kamera Ionayo Joto: Mlinzi wa Umeme wa Jua

Wahenga walisema kwamba palipo na moshi hapakosi moto. Kwa mwenye mtambo wa umeme, onyo hilo huja limechelewa, kwani moshi ukishaonekana waya umekwisha kuungua na hasara imekwisha kuingia. Kabla ya moshi hutangulia joto, nalo halionekani kwa macho. Hata hivyo, kipo chombo kiwezacho kuliona mapema, nacho ni kamera ya joto.

Haja ya chombo hicho inazidi kadiri umeme wa jua unavyoenea. Katika gombolola ya Iyolwa, wilayani Tororo, mashariki ya Uganda, na katika vijiji vya Busia vilivyo pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, mwananchi aliye mbali na nguzo za umeme aweza kupata taa, redio na chaji ya simu kutokana na paneli iliyo juu ya paa lake. Wilaya ya Tororo yenyewe ina kituo kikubwa cha umeme wa jua cha megawati 10, kilichozinduliwa mwaka 2017. Soroti ilitangulia mwaka 2016 kwa kituo cha megawati 10 chenye paneli 32,680.

Fundi akitaka kuzikagua paneli za Soroti moja moja, akatumia dakika moja tu kwa kila paneli, atahitaji siku 68 za kazi ya saa 8 bila ya kupumzika. Kamera ya joto ikifungwa katika ndege ndogo isiyo na rubani, kazi ya namna hiyo yaweza kumalizika kwa siku chache.

Jinsi inavyoona

Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyeishi Uingereza, aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto katika rangi zake. Kipimajoto kilichokuwa kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, ndicho kilichopanda zaidi. Mionzi hiyo isiyoonekana ndiyo iitwayo infraredi.

Kila kitu hutoa mionzi ya namna hiyo: jiwe, sufuria, hata mwili wa binadamu. Kamera ya joto huipokea na kuigeuza kuwa picha, na kwa kawaida penye joto huonekana kwa rangi angavu na penye baridi kwa rangi ya giza. Askari wa doria huenda akaijua kamera hiyo kwa kazi ya kumtafuta mtu gizani. Fundi wa umeme huitumia mchana kumtafuta adui mwingine, yaani ubovu uliojificha.

Ubovu hujitokeza kwa joto kwa sababu umeme ukipita mahali penye kizuizi, kama vile skrubu iliyolegea au waya ulioshika kutu, sehemu ya nguvu yake hupotea hapo na kuwa joto. Mkondo wa umeme ukizidi mara mbili, joto hilo huzidi mara nne. Ndiyo maana kiungo kilichovumilia taa moja chaweza kuungua siku televisheni inapoongezwa.

Kusoma picha

Paneli nzima hupata joto kutoka katika jua, lakini sehemu ya nguvu ya jua huondoka ikiwa umeme. Paneli iliyokatika waya haitoi umeme huo. Nguvu yote hubaki ndani yake ikiwa joto. Kwa hiyo, katika picha, paneli isiyofanya kazi huonekana ina joto kidogo kuliko jirani zake zinazofanya kazi. Ikiwa safu nzima ina joto namna hiyo, fundi huenda kutazama fyuzi au swichi ya safu hiyo.

Doa dogo la joto lina maana nyingine. Chembe moja ya paneli ikipasuka, au ikifunikwa na jani au kinyesi cha ndege, huacha kuzalisha umeme na badala yake huula umeme wa chembe nyingine, ikachemka. Theluthi moja ya paneli ikiwa na joto kuliko sehemu iliyobaki, aghalabu tatizo ni dayodi, kifaa kidogo kilichofichwa nyuma ya paneli.

Kamera nayo hudanganya ikishikwa na asiyejua. Bati au alumini ing'aayo huonyesha joto la kitu kingine kinachoakisiwa humo, na kioo cha paneli chaweza kurudisha taswira ya fundi mwenyewe. Ukaguzi hufanywa jua likiwa kali, mbingu ikiwa safi, na mtambo ukiwa kazini. Kanuni za kimataifa zilizotolewa mwaka 2017 zinataka nguvu ya jua juu ya paneli isipungue wati 600 kwa kila mita ya mraba. Fundi apigaye picha asubuhi mapema, au taa na betri zikiwa zimezimwa, hatapata jibu la kutegemewa.

Mitambo ya upepo nayo hukaguliwa kwa njia hiyo. Shamba la upepo la Ziwa Turkana, nchini Kenya, lina mitambo 365. Katika mitambo ya namna hiyo, beringi iliyokauka grisi hupata joto kabla haijavunjika, na kuibadilisha mapema ni nafuu kuliko kubadilisha sanduku zima la gia.

Nyumbani na kambini

Familia haina haja ya kununua kamera ya joto. Kituo cha polisi, shule, zahanati au kundi la majirani waweza kuchangia gharama na kumwita fundi mwenye chombo hicho. Yafaa wamtake aache picha mbili za kila mahali, moja ya joto na moja ya kawaida, ili ukaguzi ujao ulinganishwe na uliopita.

Katikati ya ukaguzi mmoja na mwingine, ulinzi ni wa wenye nyumba. Wengi hudhani umeme wa volti 12 hauna hatari kwa kuwa haurushi mtu. Lakini vyombo vya wati 60 huvuta ampea 5 kwa volti 12, ambapo kwa volti 240 vingevuta robo ya ampea tu. Mkondo huo mkubwa ukipita katika waya mwembamba uliosokotwa kwa vidole, kisha ukafungwa karatasi ya nailoni, chini ya paa la nyasi, ni hatari ya moto.

Hapana budi, basi, waya uwe mnene wa kutosha, fyuzi ikae karibu na betri, na skrubu zikazwe na mtu ajuaye. Plastiki iliyobadilika rangi, harufu ya kuungua, au taa inayofifia kila redio inapofunguliwa ni dalili za kumwita fundi siku hiyo hiyo. Paneli ioshwe alfajiri ingali baridi, kwa maji na kitambaa laini, kwani maji baridi juu ya kioo chenye moto huweza kukipasua. Nguo zisianikwe juu yake wala tawi la mwembe lisiachwe liitie kivuli. Mitambo mikubwa ya shule au kambi isiguswe na asiye fundi, maana volti zake zaweza kuua, na plagi yake ikichomolewa jua likiwa kali hutoa cheche kubwa.

Kamera huonyesha mahali penye joto tu. Haikazi skrubu wala haibadilishi waya. Ukaguzi huwa na faida pale fundi anaporudi na bisibisi yake, akatengeneza kilichoonekana, kisha akapiga picha tena kuhakikisha kwamba doa la joto limetoweka.