Mfuatano wa Kupakiwa kwa Viendelezi katika Kompyuta za Macintosh za Zamani

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba jina halina uwezo juu ya kitu kinachoitwa kwalo. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa lugha za wanadamu. Lakini katika kompyuta za Macintosh za miaka ya 1990 jina la faili lilikuwa na amri hasa. Nafasi tupu moja ikitiwa mbele ya herufi ya kwanza, mashine iliyokuwa ikikwama kila asubuhi huenda ikawaka salama. Nafasi hiyo ikifutwa, ikakwama tena. Sababu yake yastahili kuelezwa, kwa kuwa mashine hizo zingali zikitunzwa na makumbusho na watu binafsi, na zingali zikihitajika kwa kufungulia maandishi yaliyoachwa katika diski za siku hizo.

Kiendelezi ni programu ndogo isiyofunguliwa na mtumiaji kwa mkono. Hupakiwa katika kumbukumbu wakati kompyuta inapowashwa, nacho huongeza juu ya mfumo endeshi jambo ambalo mfumo wenyewe hauna: kusema na printa, kusoma diski za CD, kulinda virusi visiingie, au kuchora herufi kwa unadhifu. Mtumiaji aliziona ikoni zake zikijipanga moja baada ya moja chini ya kioo. System 7, mfumo uliotolewa mwezi Mei 1991, uliviwekea viendelezi folda yao ndani ya folda kuu ya mfumo, ukaweka na folda nyingine ya paneli za udhibiti, kwani baadhi ya paneli hizo nazo zilikuwa na sehemu ya kupakiwa mwanzoni.

Utaratibu ulikuwa huu. Kwanza zilipakiwa faili za folda ya viendelezi, kisha zile za folda ya paneli, na mwisho zile zilizoachwa katika folda kuu yenyewe. Ndani ya kila folda, mfuatano ulikuwa wa alfabeti. Yafaa kuangalia tofauti iliyomo humu. Folda zenyewe hazikufuata alfabeti: kwa Kiingereza jina la folda ya paneli huanza kwa C na la viendelezi kwa E, na kwa Kijerumani ni K na S, walakini viendelezi vilitangulia katika lugha zote mbili, maana mfumo ulizitambua folda hizo kwa alama ya ndani, si kwa jina alisomalo mtu. Faili zilizomo ndani ndizo zilizohukumiwa kwa majina yao. Orodha ya faili katika diski, kwa mpango wa HFS ulioanza mwaka 1985, ilikuwa imekwisha kupangwa kwa majina, na mfumo uliisoma kama ilivyo.

Kwa nini zamu iwe na maana? Jibu limo katika namna viendelezi vilivyofanya kazi. Huduma za mfumo, kama vile kuchora menyu au kufungua faili, ziliandikwa katika jedwali. Kila huduma ilikuwa na mstari wake, na katika mstari huo ilitajwa anwani ya mahali maagizo yake yanapoanzia katika kumbukumbu. Kiendelezi kilipopakiwa kiliichukua anwani iliyomo, kikaiweka kwake, kisha kikaandika anwani yake chenyewe badala yake. Tangu hapo kila ombi la huduma ile lilipitia kwake kwanza, nacho kikishamaliza shughuli yake hulipeleka kwa mwenye anwani ya zamani. Kiendelezi cha pili kikija, hufanya vivyo hivyo juu ya kile cha kwanza. Ni kama nyumba ambayo kila mpangaji mpya humweka bawabu wake mbele ya bawabu aliyemkuta: aliyekuja mwisho ndiye anayeulizwa kwanza na kila mgeni.

Basi bawabu mmoja akikataa kumpitisha mgeni, walio nyuma yake hawatapata habari kamwe. Kiendelezi kilichotegemea huduma ya kingine, kikapakiwa kabla yake, kilikuta mlango haujajengwa. Kinga ya virusi iliyochelewa haikuweza kuona yaliyotendwa na waliotangulia. Na kwa vile mifumo ile haikutenga kumbukumbu ya programu moja na ya nyingine, kosa la mmoja liliweza kuiangusha mashine nzima, na kioo kikaonyesha ile picha ndogo ya bomu iliyochorwa na Susan Kare.

Hapo ndipo watumiaji walipobuni viambishi vyao. Katika hesabu ya herufi iitwayo ASCII, nafasi tupu ni namba 32, A kubwa ni 65, na alama ya wimbi (~) ni 126. Kwa hiyo jina lililoanza kwa nafasi tupu lilitangulia yote, na lililoanza kwa alama ya wimbi lilikuja nyuma ya Z. Hata watengenezaji walitumia hila hiyo: paneli ya Adobe Type Manager, iliyolainisha herufi katika kioo, iliitwa ~ATM ili ije mwisho katika folda yake. Waliopendelea tarakimu walijifunza upesi kwamba 10 hutangulia 2, kwa sababu mashine hulinganisha alama moja moja wala haisomi namba. Ikabidi kuandika 02.

Mwenye kuzoea kamusi za Kiswahili atalitambua jambo hili mara moja. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 majina mengi yaliyonyambuliwa kutokana na vitenzi yamewekwa chini ya kitenzi chake, ili mzizi ndio uamue mahali pa neno. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 jina hutafutwa kwa herufi yake ya kwanza, kiambishi kikiwemo. Macintosh ilikuwa ya mkondo huu wa pili, tena bila huruma: kiambishi kilichokuwa hakina maana yoyote ndicho kilichotawala.

Hila hiyo ilikuwa na gharama. Baadhi ya programu zilikitafuta kiendelezi kwa jina lake kamili, na jina likibadilika hazikukiona. Njia nyingine ilikuwa kukihamisha kiendelezi hadi folda kuu ya mfumo, ili kipakiwe baada ya paneli zote. Kabla ya hayo, lakini, ilipasa kumjua mkosaji. Kitufe cha Shift kikishikiliwa wakati wa kuwasha, viendelezi vyote viliachwa. Mashine ikiwaka vizuri, mtu aliondoa nusu yake, akawasha tena, akagawa nusu yenye kosa, na kuendelea. Kwa njia hiyo mkosaji mmoja kati ya 64 hupatikana kwa kuwasha mara 6. Wakosaji wakiwa wawili wasiopatana, kila mmoja akiwa mwema peke yake, kazi huwa ndefu zaidi. Meneja wa viendelezi aliyekuja na System 7.5 mwaka 1994 aliweza kuvizima na kuvirudisha tu; kuvipanga zamu kuliwezekana kwa Conflict Catcher, programu ya kununuliwa ya Casady & Greene, ambayo pia ilimwongoza mtu katika kule kugawa nusu kwa nusu.

Mac OS X, mfumo uliotolewa mwezi Machi 2001, uliacha kutegemea alfabeti: kila kiendelezi cha kiini hutangaza katika faili yake ni vingine vipi kinavyovihitaji, na hivyo hupakiwa kwanza. Hata hivyo Mac OS 9 iliendelea kuwashwa ndani ya mfumo mpya, katika mazingira yaliyoitwa Classic, na ikoni za viendelezi zikajipanga humo kwa herufi kama zamani, mpaka toleo 10.5 la mwezi Oktoba 2007 lilipoyaondoa.