Mtakatifu Patrick: Mtumwa aliyekuwa msimamizi wa Ireland

KILA ifikapo Machi 17, Waairishi, walio nyumbani na walio ughaibuni, huvaa kijani na kubandika kifuani klova, mmea wenye majani matatu, kumuenzi Mtakatifu Patrick, msimamizi wa taifa lao.

Hata hivyo, Patrick hakuzaliwa Ireland. Katika maandishi yake ya karne ya tano, anasimulia alivyotekwa Uingereza akikaribia umri wa miaka 16, akachunga mifugo utumwani miaka sita, kisha akatoroka. Baadaye alirejea kuwahubiria waliomtumikisha. Mapokeo yanasema alitumia klova kufundishia Utatu Mtakatifu.

Gwaride nalo lilistawi kwanza Marekani miongoni mwa Waairishi waliohamia huko. La New York lilianza 1762. Nchini Ireland, ambako siku hiyo ilikuwa hasa ya ibada, ilifanywa sikukuu ya umma 1903.

Wamishonari walilifikisha jina hilo Kenya. Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten, chimbuko la wanariadha mashuhuri, ilianzishwa na watawa Waairishi.

Sherehe hiyo, basi, ni zao la waliovuka bahari: mateka aliyeletwa kwa nguvu, na wana wa nchi waliohama kutafuta riziki.